Kadi ya Picha ya Baba Mkwe

Mmeniuliza wengi, na kila mmoja nimemjibu kipande. Aliyetuona mjini Jumamosi ile, mimi na baba mkwe wangu tumepeana migongo hotelini, kila mtu na meza yake, alirudi mtaani kwetu Satellite akasema tumekosana. Hatukukosana. Tulikuwa tumetoka kutafuta vifaa vya kompyuta, na sasa nitaeleza safari yote tangu mwanzo ili nisirudie tena.

Kwa wasiomjua, baba mkwe wangu ni Mzee Barasa, wa Bungoma. Miaka mingi aliendesha matrela kutoka Mombasa hadi Malaba na kuvuka mpaka. Alipostaafu alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Kliniki ikampa dawa ya matone, akaitumia, akatuambia macho yamepona. Lakini hakurudi Bungoma, kwa sababu alikuwa ameshaiona kompyuta ya mume wangu Wafula.

Kompyuta hiyo ni ya kuchezea gemu. Wafula aliinunua kabla hatujaoana, na sasa imezeeka. Feni yake hunguruma kama kinu cha kusaga unga, na picha huganda katikati ya safari. Ndani yake kuna gemu ya kuendesha malori. Wafula alimtafutia babake usukani wa mtumba wa kufunga mezani, pamoja na pedali zake, akamchagulia barabara ambazo magari hupita kushoto kama kwetu. Tangu hapo mzee akapata kazi tena. Asubuhi anakunywa chai, anavaa kofia, anaketi, anapakia mzigo. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba katika nchi ile ya kwenye gemu hakuna mtu anayeuza mahindi ya kuchoma barabarani.

Kisha akaanza kugonga. Mtu ambaye hakuwahi kupindua lori maishani mwake akawa anagonga magari karibu kila makutano, na kila mara sauti yake ilinifikia jikoni: "Alitoka wapi huyu?" Alisema mashine inachelewesha picha. Wafula, ambaye yuko Lodwar anakochimba visima, alikubaliana naye kwa simu. Mashine imechoka, akasema. Inataka kadi nyingine ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, na memori ya kuongezea.

"Endeni pamoja," akaniambia. "Wewe unajua mashine. Yeye ndiye dereva."

Kujua mashine ni kweli, maana kazi yangu ni ya saibaa, pale watu wanapokodi kompyuta. Kwenda pamoja ndiko kulikokuwa kugumu. Kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi karibu. Kwetu Mwingi, Ukambani, heshima ya mkwe ipo pia, lakini mimi nimelelewa mjini na nilikuta imelegezwa. Nyumba yetu ni ndogo, na tumeishi naye kwa kupishana. Akiwa sebuleni mimi niko jikoni, tunaongea kupitia mlangoni, na huniita Mama Neema, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Hatukuwa tumewahi kutoka pamoja, hata kwenda kanisani.

Kutoka Satellite hadi Kawangware

Mzee alikataa gari. Alisema miguu imelala kwa kukaa kwenye usukani, na kwamba huko tunakoanzia, Lavington, si mbali. Akatangulia. Mimi nikamfuata kwa umbali ambao niliona unatosha kwa heshima na unatosha kwa kusikilizana.

Alitembea vizuri, kifua mbele, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote. Ila alitembea akielemea kushoto. Mwanzo nilidhani anakwepa magari. Kabla ya kufika Kawangware aligonga mpini wa mkokoteni uliokuwa umeegeshwa, akasimama akautazama kana kwamba ndio umemfuata. Mbele kidogo akaingiza kiatu katikati ya nyanya za mama mmoja, zilizopangwa kwenye gunia upande huohuo.

"Mzee! Nyanya zangu!"

"Umeziweka njiani," akamjibu.

"Njiani wapi? Mimi nimekaa hapa tangu Neno liwe Neno!"

Niliinama kuziokota, nikamwomba radhi, nikanunua zile zilizopondeka. Yule mama alinitazama, akamtazama mzee aliyekuwa ameshasonga mbele.

"Huyo ni babako?"

"Ni baba mkwe."

"Pole," akasema, akaniongezea nyanya moja nzima.

Hivyo safari ya kununua kadi ya picha ilianza na mfuko wa nyanya, ambao niliubeba siku nzima.

Getini, Lavington

Mtu wa kwanza tuliyepangiwa kumwona alikuwa ameweka tangazo mtandaoni: kadi yenye nguvu, imetumika kidogo, inauzwa haraka. Nyumba ilikuwa nyuma ya ukuta mrefu wenye maua ya zambarau. Soja wa getini alifungua kidirisha.

"Mmechelewa. Mama wa kufua ameshapatikana asubuhi. Lakini mzee anaweza kungoja, wanataka mtu wa kukata nyasi."

Nikamwambia hatukuja kwa kazi, tumekuja kununua kitu. Akafunga kidirisha akaenda kuuliza. Tulingoja. Mzee alisimama upande mmoja wa geti, mimi upande wa pili, kama nguzo. Magari yaliingia nyumba za jirani na kutoka. Mbwa mmoja alitubwekea hadi akachoka akalala.

Soja aliporudi alikuwa amesikia lafudhi ya mzee, na sasa alimsalimu kwa Kibukusu. Kumbe anatoka Kimilili, kulekule Bungoma. Wakaongea mambo ya mvua na mahindi mpaka nikasahaulika. Alitoa kiti chake cha plastiki akampa mzee. Mzee akakitazama, akanitazama, akakisukuma kwa mguu hadi katikati yetu, wala hakuketi yeyote.

Mwishowe akatoka mwanamke kijana, amevaa rinda la nyumbani, na kadi ameizungushia taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Ni hii. Chukueni tu. Mtoe na hiyo feni yake, yote."

Ilikuwa kadi nzuri. Niliigeuza, nikatazama meno yake ya kuchomekea, nikaona ni safi. Nilikuwa naanza kuuliza ilitumika kwa nini wakati gari jeusi lilipokunja kuingia getini likasimama ghafla. Mwanamume akateremka, tai bado shingoni. Alimtazama mkewe, akatazama taulo, akaitazama kadi iliyokuwa mikononi mwangu.

"Babe. Hiyo ni nini?"

"Ile ulisema haiwezi kukushinda."

Waliongea Kiingereza kwa sauti ya chini sana, ile ya watu waliosoma wanapogombana mbele ya wageni. Sikuyashika yote. Nilichoelewa ni kwamba mume alikuwa akicheza kila jioni hadi chakula kinapoa, na mke alikuwa ameamua. Soja alijishughulisha na bomba la maji. Mimi nilibaki nimeshika kadi, sijui nimpe nani.

Mzee ndiye aliyemaliza. "Mrudishie, Mama Neema. Kitu ambacho mwenyewe hajakiacha hakiwezi kutufaa."

Nikamwekea yule bwana mkononi. Alishukuru kwa dhati, kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Mkewe hakutuaga.

Kukatiza Muthangari

Ilibidi sasa twende mjini, kwenye maduka. Mzee alishauri tukatize Muthangari hadi barabara kubwa, tupate teksi huko. Mvua nyepesi ikaanza, ile isiyokulazimu kujikinga lakini inalowesha. Nilifungua mwavuli. Nisingeweza kumkinga naye bila kumkaribia, kwa hiyo nikaufunga tena, tukaloa wote wawili.

Palikuwa na kona ambapo njia ndogo inaingia kutoka kushoto, kati ya nyua mbili ndefu za michongoma. Mzee alikuwa mbele. Alitazama kulia, akaingia barabarani.

Bodaboda ilikuwa ikija kutoka kushoto. Haikuwa na kasi ya ajabu, na ilipiga honi. Mimi niliiona tangu mbali, na nilidhani naye ameiona, kwa kuwa ilikuwa wazi kama gari la maiti. Alipochukua hatua ya pili nikajua hajaiona.

"Baba!"

Hakugeuka upande ule. Alisimama, tena palepale katikati, akitafuta ninachokisema. Nikatupa mwavuli, nikakimbia, nikamshika koti kwa mikono yote miwili nikamvuta. Tulianguka pamoja kwenye nyasi za kando. Pikipiki ilipita ikiyumba, dereva akasimama mbele akarudi kwa miguu, kofia ya chuma mkononi.

"Mzee, uko sawa? Si nimepiga honi? Si umeniona?"

"Alitoka wapi huyu?" mzee aliniuliza.

Ni maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasikia kutoka jikoni mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa siyasikii tena. Pale kwenye nyasi, nyanya zimetawanyika, niliyasikia.

Nilimwambia dereva wa boda tuko salama, na kweli tulikuwa salama. Mzee aliinuka mwenyewe. Alijipangusa matope kwenye magoti, kisha akapangusa koti pale nilipokuwa nimemshika, polepole, akitazama pembeni. Mimi nami niliona haya, haya halisi, kama mtu aliyefumaniwa. Tulikuwa tumenusurika kifo, na kilichotusumbua sote wawili ni kwamba nimemgusa.

"Umeumia?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, Baba."

"Basi."

Niliokota mwavuli na nyanya, na teksi ilipofika mzee aliketi mbele na mimi nyuma. Pale ambapo barabara inazunguka tulisimamishwa muda mrefu ili msafara wa mkubwa fulani upite. Nilitumia muda huo kumtazama mzee kwenye kioo. Alikuwa akiziba jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Aliponiona akashusha mkono akajifanya anakuna kope.

Luthuli, orofa ya juu

Duka tulilolipata lilikuwa juu kabisa ya jengo moja la barabara ya Luthuli, ngazi nyembamba, kila orofa ikiwa na redio na spika zake. Ndani, kuta zote ni maboksi. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aliyejitambulisha kwa jina la Kevo.

"Niaje, madam. Ni ya nani, ni yako ama ni ya huyu babu anataka kuangalia habari?"

"Ni yake. Anaendesha malori."

Kevo alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. "Sawa basi. Mzee ni mgema. Heshima."

Mzee alidhani ameitwa mgema wa pombe ya mnazi, akamwambia yeye ni mlokole. Ilichukua muda kuwaelewanisha, kwamba kijana alimaanisha mcheza gemu.

Nilimweleza Kevo mashine yetu ni ya umri gani, na kwamba kisanduku chake ni kidogo, na kwamba pawa saplai yake ni ya zamani isiyoweza kulisha kadi kubwa. Alinisikiliza vizuri. Akaleta kadi za aina tatu. Moja ya kawaida, moja ya kati, na moja ndefu kama mkate, yenye feni nyingi. Hiyo ndefu ilikuwa tayari imefungwa kwenye mashine ya maonyesho, mbele ya skrini pana iliyojikunja kama upinde. Palikuwa na usukani pia, mzuri kuliko wetu, na ile gemu ya malori alikuwa nayo.

"Jaribu hii, mzee. Hii haigandi. Hii ni kama dirisha."

Mzee akaketi. Akarekebisha kofia, akaupima usukani, akaondoka na trela taratibu kama mtu aliye na mayai nyuma. Picha ilitiririka kama maji. Matone ya mvua yalikimbia kwenye kioo cha lori, na miti ikapita bila kukwaruza hata mara moja. Wateja wawili waliacha walichokuwa wakifanya wakatazama. Aliingia mzunguko wa barabara, akapima mwendo, akatoka vizuri. Kevo akapiga makofi.

Kisha yakaja makutano. Gari dogo jekundu lilikuwa likija kutoka kushoto. Niliona linavyosogea, kutoka ukingo wa ile skrini pana, bila haraka. Mzee aliingia makutano akaligonga ubavuni.

Hakusema yale maneno yake. Midomo yake ilijiandaa, kisha ikafumba.

"Hiyo si mashine, mzee," Kevo akasema, bila ubaya wowote. "Hiyo gari ilikuwa hapo kitambo. Si uliiona?"

Nilitamani anyamaze. Mzee aliachia usukani, akaweka mikono juu ya magoti. Wale wateja wawili wakarudi kwenye mambo yao. Redio ya orofa ya chini iliimba wimbo wa harusi.

"Tena," akasema mzee.

Akaendesha tena. Akagonga tena, upande uleule. Mara ya tatu aligeuza kichwa kizima kushoto kabla ya makutano, kama ndege, akaona, akasimama, gari likapita. Hapo akaelewa, na mimi nikaona ameelewa. Mashine yenye nguvu kuliko zote katika lile duka ilikuwa imemjibu.

Aliinuka, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kevo alidhani anaondoka. Mzee alisimama pale, mgongo kwenye fremu ya mlango, akaitazama skrini akiwa mbali.

"Mama Neema. Endesha wewe."

Niliketi kwenye kiti chake, jambo ambalo nyumbani lisingewezekana. Niliendesha vibaya.

"Kuna lori la maziwa linakuja kushoto," akasema kutoka mlangoni. "Na ng'ombe nyuma ya uzio. Nawaona. Hapa naona yote."

Kevo alitaka kutuuzia skrini pana. Nikamwambia hapana, skrini pana ndiyo mbaya zaidi kwetu. Tutabaki na yetu ndogo, nikasema, ila nataka iwekwe mbali. Tukachukua ile kadi ya kawaida, kwa kuwa mashine yetu ilikuwa imechoka kweli na kuganda kulikuwa kwa kweli, na memori ya kuongezea. Mwisho nikaomba waya mrefu wa skrini, na waya mwingine wa kurefusha usukani, mrefu kuliko wote aliokuwa nao. Ilibidi aende duka la jirani kuzitafuta.

"Watu huja hapa kutaka skrini iwe karibu na pua," alisema akizikunja. "Nyinyi mnataka iende kijiji kingine."

Mzee alikuwa bado mlangoni, amefumba jicho la kulia, akitazama maboksi yaliyokuwa ukutani, labda akihesabu yale asiyoyaona.

Meza mbili

Njaa ilikuwa imetushika tangu Lavington. Tukaingia hoteli iliyo chini ya jengo hilo, mzee akachagua meza ya ukutani. Nami nikachukua iliyo nyuma yake, tukapeana migongo. Hivyo ndivyo mlivyotuona.

Mhudumu alituhudumia kama watu wasiojuana. Mzee aliagiza ugali, kuku wa kienyeji na mrenda. Mimi niliagiza chapati na ndengu. Boksi la kadi niliweka kwenye kiti cha pili, na nyanya chini. Nilisikia anavyonawa, anavyoomba, anavyomega tonge. Nilipokuwa nakunja chapati ya mwisho, akaanza kuongea, na sauti yake ilipita juu ya bega langu.

"Ile dawa niliiacha."

Sikugeuka.

"Inachoma. Tena nilikuwa naona vizuri. Daktari aliniambia nirudi, sikurudi. Alisema ni presha ya macho, inakula pembeni kwanza, polepole, hata mtu hajui. Nikasema huyu anatafuta pesa za kliniki. Mimi dereva, ningejua."

"Ndiyo, Baba."

"Ile pikipiki leo. Sikuiona kabisa. Si kwamba niliiona vibaya. Haikuwepo."

Mhudumu alikuja kuondoa sahani, akasimama, akamtazama mzee akiongea na ukuta.

"Mzee, uko sawa? Unaongea na nani?"

"Naongea na mke wa mwanangu."

Mhudumu aliangalia ukuta, akaangalia kiti kitupu kilicho mbele yake, akaniangalia mimi kwa wasiwasi kama shahidi. Nikainua mkono kidogo.

"Ni mimi."

"Haya," akasema, akaondoka haraka.

Nyuma yangu nilisikia mzee anacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo. Lilikuwa cheko fupi la puani, likamgeukia kikohozi. Nami nikacheka ndani ya glasi ya maji. Kisha nikamsikia akinawa tena, nikadhani amemaliza.

"Ningekuwa na Wafula nisingesema," akasema. "Angeniambia nirudi Bungoma nikae. Mwanamume akiambiwa haoni, kinachofuata anapewa fimbo."

Nilifikiri namna ya kumjibu mtu usiyeweza kumtazama usoni. Kwa kweli ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Nikamwambia kliniki inafungua Jumatatu, na kwamba ninaweza kuomba ruhusa nimpeleke. Nikamwambia pia kwamba kuhusu Wafula, ni yeye mwenyewe atakayemwambia, mimi sitatangulia.

"Utatembea mbele au nyuma?" akauliza.

"Kushoto, Baba. Kama hutajali."

Nilisikia anavuta kiti.

"Sijali," akasema.

Kurudi, na yaliyofuata

Kurudi hakukuwa na kisa kikubwa. Mvua ilikatika. Teksi ilituacha Kawangware kwa sababu njia ilikuwa imechimbwa bomba, na kipande cha mwisho tukatembea, mimi na boksi upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, nikisema "mkokoteni," "mtaro," "mtu," na yeye akisogea.

Mashine niliifungua jioni hiyo mezani, Wafula akitazama kwa simu kutoka Lodwar. Vumbi lililotoka lingetosha kupandia kunde. Kadi iliingia sawa, memori ikaingia baada ya kusukumwa, na tulipowasha, feni ilizunguka bila kunguruma. Wafula alishangilia. Halafu akauliza kwa nini skrini imepelekwa juu ya kabati, ukuta wa mbali.

Nikamtazama mzee. Aliichukua simu kutoka pale nilipoiweka mezani, akaenda nayo uani, akafunga mlango. Waliongea muda mrefu. Sikusikiliza, ingawa ukuta wetu ni mwembamba. Aliporudi alirudisha simu palepale mezani, akasema, "Amelia kidogo. Mwache."

Jumatatu tulienda kliniki. Daktari hakumgombeza, jambo lililomshangaza. Alimwambia kilichokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kushikiliwa, akiweka matone kila siku bila kuruka, na kwamba huenda baadaye wakazungumzia upasuaji. Sasa huweka matone asubuhi na jioni. Hukunja uso wote, hutaja mji fulani wa Uganda uliowahi kumtesa kwa foleni, kisha hupangusa mashavu.

Na huendesha. Kiti chake kiko karibu na mlango wa jikoni, skrini kule juu ya kabati, waya umepita kando ya ukuta chini ya zulia. Makutano bado ni magumu. Juzi nilikuwa nakoroga ndengu nikasikia lori linapunguza mwendo, likasimama kabisa, na injini ikabaki inanguruma.

"Mama Neema," akaita, macho mbele. "Kushoto kukoje?"

Nilichungulia kutoka jikoni. Tenki la mafuta lilikuwa likishuka kilima.

"Bado, Baba. Tenki linakuja."

Likapita.

"Sasa?"

"Wazi."

Akakunja kona, pana na taratibu, trela lote likamfuata bila kugusa ukingo.

"Siku zangu," akasema baada ya muda, "utingo ndiye alikuwa akikaa kushoto. Kazi yake kupakia na kupakua, lakini kazi kubwa ni kunitazamia upande ule. Mimi nasema, kushoto? Yeye anasema, wazi. Nakunja bila kutazama. Nilikuwa na mmoja mzuri, Mkamba kama wewe. Alipoacha kazi nilikaa miezi naogopa kila kona."

Mbele yetu kulikuwa na makutano mengine, na lori lilikuwa limeanza kupunguza mwendo.

"Hiyo ndengu itaungua ukiwa unakwenda na kurudi," akasema. "Leta stuli."

Nikapunguza moto. Nikaleta stuli, nikaiweka kushoto kwake.